Nyumba Iliyovishwa

Yakutsk, 9 Oktoba 1974

Shangazi yangu Maappa,

Salamu kwako, kwa Mjomba Miterey, na kwa yule ng'ombe wenu mkorofi aliyenipiga teke kiangazi. Goti limepona, mwambie.

Naandika mbiombio, kwa hiyo usinune. Nyumba yenu imetushangaza wote hapa kazini. Unakumbuka nilipoomba mpewe nyinyi nyumba ya majaribio, mkuu wangu Arkady Lvovich alinicheka: "Unamtia shangazi yako ndani ya zege, Kyunney, una haraka ya kumrithi?" Sasa hacheki tena. Kuta zile, zege nje, zege ndani na povu gumu la kuzuia baridi katikati, tulizigandisha na kuziyeyusha hapa maabara mpaka tukachoka sisi kabla yao. Lakini maabara si kijiji. Ilibidi watu waishi ndani, wapike, wafue, wakorome, mvuke wao uingie ukutani, halafu baridi ya Tiit-Ebe iupige ukuta kutoka nje. Na ukuta umesimama. Hata kwenye maungio, pale paneli moja inapokutana na nyingine, ambako mimi nilikuwa na hofu zaidi, vipimo alivyotuletea Mjomba ni vizuri kuliko tulivyoota.

Ndiyo maana bweni la shule hapo kwenu, ng'ambo ya ziwa, limejengwa kwa kuta hizo hizo. Sahihi niliitia mimi. Na kabla ya mwaka mpya natakiwa nitie nyingine, ya mkoa mzima: shule, hospitali, nyumba za wachimba migodi. Nikishaitia hiyo, hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo nakuomba majira haya ya baridi mnisaidie tena. Ishini kama mnavyoishi siku zote. Ukuta msiuguse, msitoboe, msipigilie misumari. Mjomba aendelee kusoma vipimajoto na kunitumia. Na kama kuna kitu kibaya, hata kidogo, usinifiche kwa kunionea huruma. Nakujua.

Mtoto wa kaka yako,
Kyunney


Tiit-Ebe, 27 Oktoba 1974

Kyunney wee,

Barua yako imeletwa na ndege ya posta, imekunjamana utadhani rubani aliikalia. Ng'ombe amepata salamu zako na hajutii chochote.

Unaniambia niishi kama siku zote. Ulidhani nitaishi vipi, kama mke wa waziri? Naamka, nakoka moto, namlisha moto kipande cha mkate kwanza kama mama alivyotufunza, namgombeza mjomba wako, siku imekwisha. Huyo mjomba wako ndiye wa kumtazama! Tangu mmempa vile vipimajoto amekuwa daktari. Anavaa miwani, anasogelea ukuta, anauliza, "Haya, mgonjwa wetu ameamkaje leo?" Namwambia aupige sindano kabisa.

Nyumba ni ya joto, mwanangu, sina la kukuficha. Jirani yangu Ogdo akija kunywa chai anavua koti, anavua sweta, mwisho namwambia, "Ogdo, acha hapo hapo, Miterey yupo." Tumeshaivisha nyumba mapema kama mwaka jana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, baridi ije itakavyo. Na yule mwenzako mliyemtuma Machi kukagua, mkimtuma tena mpeni kofia ya maana. Alitoka nje kuangalia ukuta, kope zikaganda, akarudi mbio akala samaki wangu wote wa barafu. Akasema ukuta ni safi sana.

Watoto wamehamia bwenini. Mwalimu mkuu, Gavril Petrovich, anatembea kifua mbele kama aliyelijenga kwa mikono yake.

Na wewe unakula? Au unakunywa chai tu na hesabu zako? Kuna mwanamume yeyote huko anayekuangalia, au wote wameganda?

Shangazi yako,
Maappa


Yakutsk, 18 Novemba 1974

Shangazi mpenzi,

Nimecheka na barua yako mpaka wenzangu wakataka niwasomee. Sikuwasomea ile ya wanaume kuganda.

Nafurahi mmeshaivisha nyumba! Nami nimeongeza langu: kwa ndege hii natuma zulia, jekundu lenye kulungu, nilipanga foleni tangu asubuhi nikalipata la mwisho. Litundike kwenye ule ukuta wa mbao wa katikati, siyo kwenye zege, tafadhali. Litapendeza na hayo mengine mliyotundika.

Vipimo vya Mjomba vimefika. Arkady Lvovich alivishika mkononi akasema, "Huu si ukuta, hii ni ngome." Amekwisha kuahidi huko juu kwamba karatasi itakuwa mezani kwao kabla ya sikukuu. Ananisukuma nitie sahihi hata kesho. Nimemwambia asubiri Desemba, baridi ya kweli iingie. Amenuna. Sijui kwa nini nasitasita, shangazi. Kila kitu ni kizuri mno, labda ndiyo maana. Kwenye maungio hapangepaswa kuwa na joto vile. Nimefanya hesabu upya mara nyingi na hesabu zangu zinasema lazima kuwe na barafu angalau kidogo, ukuta wenu unasema hakuna. Mwenzangu mmoja ananiambia, "Wewe umeolewa na mashaka."

Kule bwenini watoto hawajambo? Sijapata vipimo vyao, Gavril Petrovich hajibu barua.

Kyunney wako


Tiit-Ebe, 10 Desemba 1974

Kyunney,

Zulia limefika. Kulungu ana macho kama ya Ogdo, tumecheka sana, hata Ogdo mwenyewe. Limekaa juu ya kitanda. Lakini mwanangu, moyo wangu, zulia la nini tena wakati nyumba imeshavaa? Na "hayo mengine tuliyotundika" ni yapi? Sisi hatujatundika kitu. Labda uliandika ukiwa na usingizi.

Baridi imeingia, ile yenyewe. Ukitema mate yanafika chini yamekuwa jiwe. Ukungu umeshuka, mjomba wako alikwenda zizini akarudi na pua nyeupe, nikaisugua mpaka akapiga kelele.

Sasa nikueleze kilichoniudhi. Juzi niliwapelekea watoto maziwa, yale tunayoyagandisha kwenye sahani. Naingia bwenini, nakuta wamelala na kofia. Na kofia, mchana! Nyuma ya vitanda ukuta umeota barafu, nyeupe, ndefu kama manyoya ya mbwa. Kuna binti mdogo wa wafugaji wa farasi, anaitwa Nariya, alikuwa analia kimyakimya. Nikamuuliza una nini. Kumbe msuko wake ulikuwa umegandia ukutani. Nikaupulizia kwa mdomo, nikaushika kwa viganja mpaka ukaachia, na mwenzake akaniambia kwamba kila mtu hapo anajua kulala miguu ikiwa ukutani, ila Nariya ni mgeni.

Nikatoka hapo nikamfuata Gavril Petrovich. Nikamwambia, "Mwalimu, nyumba hii mbona umeiacha uchi?" Nikamwambia udongo ninao, mavi ya ng'ombe ninayo tele, niletee wanawake wanne na maji ya moto tuikandike nje hata sasa, tumechelewa lakini afadhali. Unajua alinijibu nini? "Mama Maappa, hili ni bweni la kisasa, siyo zizi." Mtu mzima, na tai shingoni! Nikamwambia yangu pia ni ya kisasa, nyumba yako na yangu ni mapacha, tofauti ni kwamba yangu imevaa. Akacheka.

Mimi tangu mwaka jana, Oktoba ile ya kwanza, kona ya jikoni ilipoanza kuota barafu, sikungoja. Nikaikandika nje yote na Ogdo, tabaka juu ya tabaka, moja ikiganda tunapaka nyingine, hasa kwenye ile mistari ambapo vipande vinakutana, palikuwa panapitisha upepo kama filimbi. Juu nikapaka chokaa ili isionekane ya kishamba, nyumba ya watu wa serikali ile. Ingekuwa aibu. Wewe umeniombea nyumba, halafu nianze kulalamika kona? Tangu siku hiyo hakuna barafu hata ya kulamba. Theluji ilipoyeyuka tuliibandua yote, na Oktoba hii tumeivisha tena.

Mwandikie huyo mwalimu wewe, wewe atakusikiliza.

Maappa


TELEGRAMU
Yakutsk, 23 Desemba 1974
Kwa Maappa, Tiit-Ebe

WATOE WATOTO BWENINI LEO. UKUTA HATARI. USISUBIRI KARATASI. KYUNNEY


Yakutsk, 23 Desemba 1974

Shangazi,

Telegramu utakuwa umeipata kabla ya barua hii. Kama hukuipata, acha kusoma, vaa, nenda bwenini sasa hivi.

Umefanya nini? Umefanya nini, shangazi? Nilikuambia ukuta msiuguse! Mimi nikasoma "tumeivisha nyumba" nikadhani mazulia. Mazulia! Nimekuja kwenu kila kiangazi na hakuna kiangazi hata kimoja mtu alichoikandika nyumba mbele yangu, ningejuaje? Kwa nini hukuniambia kuhusu ile kona? Barua zote zile, ng'ombe, Ogdo, samaki, pua ya Mjomba, na ile kona usiitaje hata mara moja!

Sisi hatukuupima ukuta wetu. Tulipima udongo wako na mavi ya ng'ombe wako, na nikatia sahihi kwamba zege letu linafaa, na wakawajengea watoto.

Nakueleza ili uelewe kwamba siyo suala la baridi tu. Ile barafu uliyoiona ndani ndiyo ndogo. Kubwa iko katikati ya ukuta, kwenye maungio, usipoweza kuiona. Mvuke wa watoto unaingia, unaganda, unavimba, unasukuma. Kipande cha nje kinashikwa na vyuma, na chuma kwenye baridi hiyo kinavunjika kama sukari. Ukuta wa kaskazini, ule wenye vitanda, ndio utakaoanza.

Nimemwendea Arkady Lvovich na barua yako mkononi. Aliisoma yote. Akasema, "Kwa ajili ya mavi ya ng'ombe unataka nisimamishe mkoa mzima?" Nikamwambia kuna watoto. Akasema atamtuma mtu baada ya sikukuu, na mpaka hapo nisimpigie mtu yeyote simu. Wilayani nimepiga hata hivyo. Wanasema hawafungi bweni bila neno lake. Gavril Petrovich hafungi bila neno la wilaya. Wote wanangojana, shangazi. Nimebaki na wewe tu.

Ile sahihi ya mkoa sikuitia. Nimekataa.

Nisamehe ukali. Hapana, usinisamehe bado. Watoe kwanza.

Kyunney


Tiit-Ebe, 29 Desemba 1974

Kyunney,

Watoto wako hai. Wote. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umegandia ukutani huko kama yule binti.

Telegramu aliileta mama wa posta akikimbia. Nikaenda kwa Gavril Petrovich. Akasema, "Nionyeshe karatasi ya wilaya." Nikamwonyesha telegramu. Akasema, "Hii ni ya mtoto wa kaka yako." Nikamwambia ndiyo, na ndiye aliyetia sahihi ya ukuta huu, sasa anaufuta. Akasema sahihi haifutwi kwa telegramu. Nilitaka kumzaba kofi, Kyunney, haki ya nani, mkono ulikuwa umeshatoka kwenye glavu.

Nikarudi kwa Ogdo tukaitana wanawake. Nikasema, huyu hawaachii watoto kwa nguvu, ila mwaka mpya unakaribia, nani anakataza watoto kualikwa chakula? Kesho yake mchana tukaenda tumevaa vizuri, tumebeba blanketi, tunacheka kama watu wa sherehe. "Mwalimu, tumekuja kuwaalika watoto, wale nyama ya farasi, wacheze." Akafurahi! Akawapanga mistari mwenyewe. Kila mwanamke akachukua wawili, watatu. Mimi nilichukua Nariya na wenzake, wamelala chini ya kulungu wako. Jioni Gavril Petrovich akaanza kupita nyumba kwa nyumba: "Rudisheni watoto." Huku anaambiwa bado wanakula. Kule anaambiwa wamelala, usiwaamshe. Kwa Ogdo hakufunguliwa. Alisimama katikati ya barabara akapiga kelele kwamba ataripoti kijiji kizima, ndevu zimeganda, mpaka mjomba wako akamhurumia akamwita anywe chai.

Alitutishia hivyo siku tatu. Ya tatu, tukiwa tunakamua, tukasikia kishindo. Mimi nilidhani barafu ya ziwa imepasuka. Gavril Petrovich alikuwa wa kwanza kufika. Kipande chote cha kaskazini kimelala chini, cha ndani kimeangukia vitanda. Vile vitanda vya chuma vimekunjwa, Kyunney. Alisimama pale anahesabu vitanda kwa kidole, akifika mwisho anaanza upya. Nikamshika bega nikamwambia, "Mwalimu, wote wako kwetu, wamekula." Akakaa kwenye theluji akalia kwa sauti. Sijamcheka na wewe usimcheke.

Barua yako ya ukali imefika leo. Niliisoma, nikamwambia mjomba wako ni ya salamu. Ulisema nisiuguse ukuta. Mimi nilidhani sikuugusa. Mtu akimfunga mtoto shali, amemgusa mtoto? Hivyo ndivyo nilivyodhani. Na kona sikukuambia kwa sababu nilikuwa na fahari na wewe, nikaona nitakuharibia. Ndiyo basi. Imeniuma, na nilistahili.

Watu wanasema watatumwa wachunguzi kutoka mjini. Waje.

Maappa


Yakutsk, 20 Januari 1975

Shangazi yangu,

Siwezi kuandika mengi. Nimeondolewa kwenye maabara, ufunguo nimerudisha. Wamenihoji, na wataniita tena.

Arkady Lvovich aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa kiti, akanipa hata peremende. Alikuwa ameshaniandikia maelezo: kwamba mpangaji aliharibu majaribio ya serikali kwa makusudi, akaficha kwa chokaa, na mhandisi akadanganywa. Chini nafasi ya jina langu. Akasema, "Kyunney, ni bibi kizee wa kijijini, watamfanya nini? Wewe una miaka yote mbele." Sauti yake ilikuwa ya upole kweli. Nadhani aliamini ananisaidia. Lakini najua watakachomfanya bibi kizee wa kijijini, na wewe unajua zaidi yangu, wewe uliyemsubiri babu, walipomchukua, asirudi.

Sikuitia sahihi. Nikaomba karatasi tupu nikaandika yangu. Nimesema nilijua. Nimesema mimi ndiye niliyekuagiza uikandike nyumba na kuipaka chokaa, ili vipimo vije vizuri na nipande cheo, na wewe hukujua ni ya nini, ulinitii tu. Nimeweka sahihi mbele ya mashahidi. Arkady Lvovich alibadilika rangi akasema, "Wewe mtoto ni mwendawazimu." Labda.

Kwa hiyo wakija kwako, wewe jibu lako ni moja: nilifanya nilivyoagizwa. Usiongeze neno. Nakuomba, usianze kuwapigia hadithi za ng'ombe. Nilivyoagizwa, basi.

Siogopi kama nilivyodhani. Nilikuwa na hofu zaidi Novemba, vipimo vilipokuwa vizuri.

Kyunney


Tiit-Ebe, 20 Januari 1975

Kyunney mwanangu,

Wamekuja leo asubuhi, wawili, na ndege yao wenyewe, na ndege hiyo ndiyo inayobeba barua hii, ndiyo maana mwandiko umekimbia.

Walitaka kuuona ukuta. Nikachukua shoka nikatoka nao. Mjomba wako alitaka kunisaidia, nikamwambia kaa. Nilibandua mwenyewe, kuanzia kona ya jikoni, ule udongo ukitoka vipande vipande, mpaka zege likaonekana na ile mistari. Mmoja alitia kidole kwenye ufa akasikia upepo. Akamwambia mwenzake, "Njoo usikie." Ndani Nariya na wenzake walikuwa dirishani wanatutazama. Nyumba sasa inaanza kupoa, tutahamia kwa Ogdo kesho na watoto wetu, usihangaike kwa hilo.

Halafu wakakaa mezani wakauliza nani alijua. Huyo mkubwa, mwenye koti la kondoo, aliuliza hivi: "Na mtoto wa kaka yako? Ni mhandisi, ni damu yako, alikuombea nyumba. Tuamini hakujua?" Nikaona wanakokupeleka. Nikajua nikisema "sikufahamu, nilidhani ni kuivisha tu," wataona tumepanga wote wawili.

Nikasema hivi: Kyunney alinikataza. Si mara moja, kila mara. Alinikataza kabisa nisikandike, akanieleza na hatari yake, nami nikamfanyia ukaidi, nikakandika, nikapaka chokaa ili yeye na ofisi yake wasijue. Nikasema nilitaka nyumba ya joto na sikujali ya mwingine. Ilikuwa ngumu kulisema hilo na Nariya amekaa pale, lakini nimelisema. Waliandika, wakanisomea, nikaweka jina langu lote, la baba na la ukoo. Mjomba wako alitoka nje kabla sijamaliza.

Basi umetoka, mwanangu. Wamekwisha kupata wanayemtaka. Mimi ni mzee, nimekula samaki wa kutosha, na wewe kuna kuta nyingi bado hujazipima. Pima za kwetu vizuri.

Ila jambo moja, na hili ulishike. Wakikuuliza, sema ukweli mtupu: hukujua. Usiongeze, usipunguze. Yule mwenye koti la kondoo aliniambia akitoka, "Maneno yako tutayaweka pamoja na ya mhandisi. Yakipishana, tutawachukua wote wawili." Nakujua wewe, una moyo wa baba yako, hukawii kujitupa mbele. Kyunney, nakuomba, mara hii moja tu, usinitetee.

Shangazi yako,
Maappa